Miraba Mitupu ya London

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye daftari alifungue. Hadithi ya leo ina hesabu ndani yake, nami sitaiondoa hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo utamu wenyewe.

Ni mwezi wa Juni, mwaka 1944, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia imo katika mwaka wake wa tano. Alfajiri ya tarehe 13 kitu kigeni kinatokea katika anga ya London mashariki: mfano wa ndege ndogo, nyuma yake inatoa moto, ndani hamna rubani. Kinapita kwa mvumo mkubwa, mara mvumo unakatika, na kitu chenyewe kinaporomoka juu ya daraja la reli la Grove Road. Watu 6 wanakufa. Hilo ndilo bomu la kwanza la V-1 kuupiga mji ule. Wajerumani walilirusha kutoka pwani ya kaskazini ya Ufaransa, likiwa na karibu kilo 850 za baruti kichwani, na baada yake yakafuata mengine kwa maelfu.

Wakazi wa London walijifunza haraka kusikiliza. Madhali unausikia mvumo, bomu lingali linakwenda zake. Ukinyamaza juu yako, tafuta pa kujificha.

Baada ya mlipuko yalikuja maneno. Watu walitazama ramani, wakaona mabomu yameanguka kwa mafungu: hapa matatu karibu karibu, pale manne, na kati yao mitaa mizima iliyosalimika. Mwenye macho angewezaje kuamini kwamba mambo hayo yalitokea hivi hivi tu? Wengi walishikilia kwamba adui ana shabaha, kwamba anaijua mitaa anayoitaka na anayoiacha. Msiwacheke. Mtu ambaye nyumba ya jirani yake imebomoka ana haki ya kutafuta sababu, na kwa serikali swali hilo lilikuwa zito vilevile. Bomu linaloweza kulengwa kwenye kiwanda fulani linataka kinga ya namna moja, na bomu linaloangukia popote linataka kinga ya namna nyingine.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, mtaalamu wa hesabu za bima aitwaye R. D. Clarke, wa kampuni ya Prudential, alichapisha makala fupi mno katika jarida la wataalamu wenzake. Alikuwa amechukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa katika miraba 576 iliyolingana, kila mmoja robo ya kilomita ya mraba. Kisha akahesabu. Mabomu 537 yalikuwa yameanguka humo, maana yake wastani wa 0.93 kwa kila mraba, pungufu kidogo ya bomu moja.

Andikeni alichokikuta. Miraba 229 haikupata bomu hata moja. Miraba 211 ilipata moja moja. Miraba 93 ilipata mawili, 35 ilipata matatu, na 7 ilipata manne. Ukabaki mraba mmoja uliopata matano au zaidi. Je, ulipata mangapi hasa? Nyinyi wenyewe mnaweza kujua. Zidisheni: 211 mara moja, 93 mara mbili, 35 mara tatu, 7 mara nne. Jumla ni 530. Toeni katika 537. Mraba ule mmoja ulipigwa mara 7, huku miraba 229 mingine haijaguswa.

Mnaona? Hata mimi ningekuwa mkazi wa mraba ule ningeapa kwamba nimelengwa. Lakini Clarke hakutazama fundo lile la mabomu. Alijiuliza: kama mabomu haya yangekuwa yanaanguka kwa nasibu tupu, bila shabaha, bila kujuana, ningetarajia kuona nini?

Ili mwelewe alivyojibu, chorani mraba mkubwa wenye safu 6 na mistari 6, vyumba 36 kwa jumla. Chukueni dadu mbili za ludo, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu itaje safu, nyeupe itaje mstari, na pale zinapokutana wekeni nukta. Rudieni mpaka nukta ziwe 36. Vyumba 36, nukta 36: wastani ni nukta moja kwa chumba. Kabla ya kutupa dadu, kila mmoja akisie vyumba vingapi vitabaki vitupu. Wengi husema vitatu, au vinne, na wapo watakaosema hakuna.

Jibu liko karibu na 13. Zaidi ya theluthi ya vyumba!

Sababu yake si ngumu. Chagua chumba kimoja. Kila mtupo una nafasi 35 kati ya 36 za kukikosa. Mtupo wa pili haujui wa kwanza ulifanya nini, basi nao una nafasi 35 kati ya 36, na wa tatu hivyo hivyo. Ili chumba kibaki kitupu ni lazima mitupo yote 36 ikikose, kwa hiyo mnazidisha 35/36 kwa yenyewe mara 36. Mtapata kama 0.363. Zidisheni kwa vyumba 36: ni 13 na punje. Vyumba vyenye nukta moja navyo mtarajie 13 hivi, vyenye mbili karibu 7, vyenye tatu kama viwili, na mara nyingine kimoja chenye nne au tano. Mafundo yapo, na hakuna aliyeyafunga.

Sasa ongezeni vyumba na nukta pamoja, viwe 100 kwa 100, viwe milioni kwa milioni. Sehemu ya vyumba vitupu haipotei. Inatulia kwenye 0.3679, yaani moja gawanya kwa 2.71828, namba ambayo wanahisabati huiita *e*. Mfaransa Siméon Denis Poisson aliandika kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1837, kitabu kilichohusu hukumu za mahakama. Kanuni inasema: ukijua wastani peke yake, unaweza kutaja sehemu ya miraba itakayokuwa na sifuri, moja, mbili, tatu na kuendelea.

Clarke akaitia wastani wake wa 0.93 katika kanuni ya Poisson. Ikamwambia atarajie miraba mitupu 227, naye alikuwa na 229. Miraba yenye bomu moja 211, naye alikuwa na 211 kamili. Yenye mawili 99, alikuwa na 93. Yenye matatu 31, alikuwa na 35. Yenye manne 7, alikuwa na 7. Yenye matano au zaidi, kati ya mmoja na miwili, naye alikuwa na ule mmoja wenye msiba. Mabomu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuua, yaliyorushwa na watu wenye nia, ndani ya eneo lile yalikuwa yametawanyika sawasawa na nukta za dadu zenu. Mtambo uliokuwa ukiyaongoza ulipima umbali kwa kuhesabu mizunguko ya pangaboi dogo lililokuwa puani, na ukikosea kidogo tu bomu huangukia kilomita kadhaa mbali na lilikokusudiwa. Adui aliweza kuulenga mji. Mtaa hakuuweza.

Nataka hapa muwe waangalifu pamoja nami. Clarke hakuichukua London nzima. Alichagua eneo ambalo msongamano wa mabomu ulionekana kulingana kila upande, kwa sababu mabomu hayakuenea kwa kiasi kimoja katika mji wote. Angechanganya sehemu zilizopigwa sana na zilizopigwa kidogo, hesabu ingekwenda upande, na hapo angetuhumu shabaha mahali ambapo kilichobadilika ni msongamano tu. Kazi ya mwanahisabati mzuri huanza kabla ya kuzidisha.

Kanuni hiyo ilikuwa imeshajaribiwa kwengine. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz alihesabu askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi: vikosi 10, miaka 20, vifo 122. Namba zake nazo zilimfuata Poisson kwa ukaribu wa kustaajabisha. Na mwaka 1910, huko Manchester, wanafizikia Ernest Rutherford na Hans Geiger walikaa gizani wakihesabu vimweko vya chembe za alfa kutoka katika madini ya poloni. Vipande vya muda 2,608, kila kimoja sekunde saba na nusu, chembe zaidi ya 10,000. Vipande 57 havikuwa na kimweko hata kimoja, na kanuni ilitarajia 54 hivi. Nukta zinaweza kuwa mahali kwenye ramani au nyakati kwenye saa. Hesabu ni ileile.

Lakini je, kila mtawanyiko wa nukta ni wa namna hii? Hapana, na hapa ndipo ujuzi wenyewe unapoanzia.

Nendeni Laikipia, Kenya, mtazame kutoka angani vichuguu vya mchwa katika mbuga ya Mpala. Watafiti waliovipima, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2010, waliona kwamba vimepangana kwa nafasi zinazokaribiana kulingana. Kila koloni hugombea ardhi na jirani zake, kwa hiyo kichuguu hakistahimili kingine karibu yake. Nukta za namna hii husukumana. Ukizichorea miraba yenye ukubwa unaofaa utapata michache mno iliyo mitupu, na michache mno iliyojaa.

Kinyume chake ni matetemeko ya ardhi. Tetemeko kubwa huleta madogo nyuma yake, mengi siku ya kwanza, machache zaidi siku ya pili, na hivyo hivyo yakipungua. Mjapani Fusakichi Omori alieleza kupungua huko mwaka 1894. Nukta hizi huitana. Kuna siku nyingi kimya na siku chache za mfululizo, kwa hiyo miraba mitupu huzidi, na iliyojaa nayo huzidi.

Kati ya zinazosukumana na zinazoitana zimo zisizojuana, nazo ndizo za Poisson. Sifa zake ni hizi. Kwanza, kiasi cha nukta katika kipande kimoja hakikuambii chochote kuhusu kipande kingine kisichogusana nacho. Mtaa uliopigwa jana haupati kinga leo, wala haukaribishi bomu jingine. Pili, idadi ya nukta katika kipande inafuata kanuni ya Poisson, na wastani wake unategemea ukubwa wa kipande, si umbo lake wala mahali kilipo. Pia hakuna nukta mbili zinazokalia mahali pamoja hasa.

Upo mtihani wa haraka wa kutenganisha aina hizi tatu. Chukueni idadi ya kila mraba, mtoe wastani, mzidishe tofauti kwa yenyewe, kisha mtafute wastani wa majibu yote. Kwa nukta zisizojuana, jibu hilo hulingana na wastani wenyewe. Kwa zinazosukumana linakuwa dogo, kwa zinazoitana linakuwa kubwa. Nimelifanya hilo kwa miraba ya Clarke: wastani 0.93, jibu 0.97. Nimelifanya pia kwa askari na farasi: 0.61 na 0.61.

Hata hivyo mtihani wa haraka unaweza kudanganywa. Ndiyo maana wanahisabati waliuliza swali gumu zaidi: ni kitu gani kidogo kabisa ninachopaswa kukijua ili niseme bila shaka yoyote kwamba nukta hizi ni za Poisson na si kitu kingine?

Tuondoke London, twende Budapest, mwaka uleule wa 1944. Kijana wa Kihungaria, Myahudi, jina lake Alfréd Rényi, alikuwa amepelekwa kwenye kambi ya kazi za shuruti. Akatoroka, akajificha kwa vyeti vya uongo. Wazazi wake walikuwa wamefungiwa katika mtaa walimokusanywa Wayahudi, mahali ambapo wengi hawakutoka hai. Kijana yule akapata sare ya askari, akaivaa, akaingia mle ndani, akawatoa wazazi wake akiwasindikiza kama askari anayepeleka wafungwa. Alikuwa na umri wa miaka 23. Baadaye aliongoza taasisi ya hisabati ya Budapest, ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na akafariki mwaka 1970 kabla ya kutimiza miaka 49.

Mwaka 1967 Rényi alithibitisha jambo ambalo mimi naliona ni miongoni mwa mazuri kabisa katika hesabu za nasibu. Alisema: huhitaji kuniambia nukta ngapi zimo ndani ya mraba. Huhitaji hata kuniapia kwamba vipande havijuani. Nihakikishie kwamba nukta mbili hazikai mahali pamoja, kisha niambie jambo moja tu kwa kila kipande, na kwa kila mkusanyo wa vipande: kuna uwezekano gani kwamba hakina nukta hata moja? Kama utupu huo unafuata kanuni ya Poisson, basi kila kitu kingine kinafuata, kutojuana nako kukiwemo.

Inawezekanaje utupu ukajua mengi hivyo? Chukueni miraba miwili ya Clarke, A na B. Kwa kanuni, uwezekano wa B kuwa mtupu ni 0.394. Uwezekano wa yote miwili kuwa mitupu ni 0.155. Sasa niambieni: kuna uwezekano gani kwamba A una bomu na B hauna? B ukiwa mtupu, ama A nao ni mtupu au A una bomu, hakuna njia ya tatu. Basi toeni 0.155 katika 0.394, mpate 0.239. Tumemjua mwenye bomu kwa kuuliza habari za utupu peke yake. Sasa zidisheni uwezekano wa A kuwa na bomu, 0.606, kwa uwezekano wa B kuwa mtupu, 0.394. Jibu ni 0.239 tena! Kutojuana kumejitokeza kwenyewe bila kualikwa.

Kisha igaweni ramani vipande vidogo sana, vidogo kiasi kwamba kila kimoja ama ni kitupu au kina nukta moja, basi. Kwa kujumlisha na kutoa kama tulivyofanya, mnaweza kupata uwezekano wa kila mchoro unaoweza kutokea, kipande kwa kipande. Kuhesabu nukta katika eneo kubwa kumegeuka kuwa kuhesabu vipande visivyo vitupu.

Yale maneno “kila mkusanyo wa vipande” msiyapite mbio. Mwaka huohuo wa 1967 mwanahisabati wa Australia, P. A. P. Moran, alionyesha kwamba yanahitajika kweli. Alitengeneza mtawanyiko wa nukta kwenye mstari ambao, ukikata kipande kimoja chochote kisichokatika katikati, idadi ya nukta zake inamfuata Poisson bila kosa. Hata hivyo mtawanyiko ule haukuwa wa Poisson, kwa sababu vipande vilivyo mbalimbali vilikuwa na siri kati yao. Anayekagua kipande kimoja kimoja hawezi kuigundua siri hiyo. Ni lazima uulize kwa pamoja: hiki na kile, vilivyotengana, vina uwezekano gani wa kuwa vitupu vyote viwili?

Habari haikuishia kwa Poisson. Mapema katika miaka ya 1970, wanahisabati Mönch na Kallenberg walionyesha kwamba jambo hilohilo ni kweli kwa mtawanyiko wowote ambao nukta zake hazikaliani, ziwe za kusukumana au za kuitana. Ikiwa mitawanyiko miwili ina uwezekano uleule wa utupu katika kila eneo, basi ni mtawanyiko mmoja. Vichuguu, matetemeko, vimweko na mabomu, kila kimoja kinatambulika kwa mahali ambapo hakipo.

Siku moja mtapewa ramani yenye nukta: za ajali barabarani, za wagonjwa wa kipindupindu, za radi zilizopiga, na mtu atanyoosha kidole kwenye fundo moja akidai sababu hapo hapo. Huenda sababu ipo, na huenda fundo ni la nasibu kama ule mraba wenye mabomu 7. Mwombeni subira, chukueni rula, pigeni miraba, na hesabuni kwanza ile isiyo na kitu.